Simu inaombaje zamu?

Haya wadau, nimerudi. Najua nimewatupa wiki mbili nzima bila kuandika chochote, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko. Ila nimepita karibu na mlango wa sapu, na ndiyo hadithi ya leo.

Ijumaa tulirudishiwa testi ya kwanza ya somo la mitandao isiyotumia waya. Nimepata tisa juu ya ishirini. Swali lililonimaliza lilikuwa la alama nane: eleza historia ya namna vifaa vingi vinavyogawana njia moja ya redio ya kupelekea habari kituoni bila kugongana. Nilijibu kwa kujiamini kabisa, maana notisi nilikuwa nimezimeza nzimanzima. Niliandika kwamba zamani huko Hawaii kulikuwa na mfumo unaitwa Aloha, kila mtu anarusha ujumbe wake anapojisikia, wakawa wanagongana sana, kwa hiyo mfumo ukaachwa na mahali pake ikaja ratiba. Siku hizi mnara ndio unaompangia kila mtu zamu. Nukta. Nikageuza karatasi.

Mwalimu hakuandika kwamba nimekosea. Aliandika pembeni, kwa wino mwekundu, swali moja: "Simu inaombaje zamu, kama haina zamu ya kuombea?" Halafu akanipa mbili juu ya nane.

Jamani, mwanzoni nililiona swali la kejeli tu. Jioni ile nilikwenda kuoga nikiwa nimenuna, na hapo bafuni ndipo lilipoanza kuniingia. Sakafu yetu ina mabafu mawili yanayofanya kazi, na tangu muhula uanze tumebandika ratiba mlangoni, chumba hiki saa kumi na moja na nusu, chumba kile saa kumi na mbili kasoro, na kuendelea. Ratiba ilikwenda vizuri sana mpaka chumba chetu kilipompokea mbebwa. (Kwa mliokuwa hamjapita vyuo vyetu: mbebwa ni mwanafunzi aliyekosa chumba, akahifadhiwa na wenzake kitanda kimoja watu wawili, kimyakimya.) Mbebwa hayumo kwenye ratiba, wala hawezi kuwekwa, kwa sababu jina lake likiandikwa pale mlangoni msimamizi wa bweni atalisoma. Basi kila alfajiri anasimama koridoni na ndoo yake, mlango ukifunguliwa anajitupa. Siku nyingine anakutana na mtu aliyechelewa zamu yake, wote wawili wanashika komeo kwa pamoja, wanaombana samahani, wanarudi nyuma.

Nikajisemea, huyu bwana ni Aloha mtupu. Na kwa ratiba yetu nzuri ile, hayupo duniani.

Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata. Naomba mnivumilie, nitawaelezeni kama ninavyojieleza mwenyewe, maana testi ya pili ni Alhamisi.

Twende Hawaii, Chuo Kikuu cha Hawaii, kisiwa cha Oahu. Mwaka 1966 alihamia pale profesa kutoka bara la Marekani, Norman Abramson, mzaliwa wa Boston. Alipenda sana kuteleza juu ya mawimbi ya bahari kwa ubao, na hakuwahi kuficha kwamba hilo lilichangia uamuzi wake. Mwaka 1968 yeye na wenzake, akiwamo Franklin Kuo, walianza mradi waliouita Aloha System. Shida yao ilikuwa ya visiwa, na sisi tunaotoka karibu na Unguja, Pemba na Mafia tunaielewa bila maelezo mengi. Kompyuta kubwa moja, IBM 360/65, ilikuwa imekaa Oahu. Waliotaka kuitumia walikuwa wametawanyika, na matawi ya chuo yako ng'ambo ya maji. Njia ya kawaida ilikuwa laini ya simu. Laini ya simu ni ghali, na tena inalipiwa muda wote hata kama hakuna kinachopita ndani yake.

Hapo kwenye "hata kama hakuna kinachopita" ndipo penye kiini. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta anaandika mstari mmoja, anabonyeza, halafu anafikiri. Anakuna kichwa. Anakunywa kahawa. Anaandika mstari mwingine. Ukimpimia kwa saa nzima, muda ambao kweli anapeleka kitu ni mdogo mno. Kumkatia njia yake peke yake ni sawa na kukodi basi zima kwa abiria mmoja anayesafiri mara moja kwa wiki.

Basi wakaamua kutumia redio, na walikuwa na masafa mawili tu. Moja, megahezi 413.475, ilikuwa njia ya kushuka, kutoka kituo kikuu kwenda kwa watumiaji. Nyingine, megahezi 407.350, ilikuwa njia ya kupanda, kutoka kwa watumiaji kwenda kituoni. Kasi ilikuwa biti 9,600 kwa sekunde. Kituoni waliweka kompyuta ndogo ya kupokea na kupanga ujumbe, wakaiita Menehune, jina la watu wafupi wa hekaya za Hawaii wanaofanya kazi usiku bila kuonekana. (Nimelipenda jina hilo kuliko kitu chochote kwenye somo hili.)

Njia ya kushuka haina matatizo. Msemaji ni mmoja, wengine wote wanasikiliza, kila mmoja anachukua kilicho chake. Ugomvi wote uko njia ya kupanda, maana huko wasemaji ni wengi, masikio ni mamoja, na wasemaji wenyewe wako mbali kiasi kwamba huenda hawasikiani. Wawili wakirusha kwa wakati mmoja, Menehune anasikia mchanganyiko usio na maana.

Ungefanyaje? Jibu la kwanza la kila mhandisi, na langu kwenye testi, ni ratiba. Kata njia vipande sawasawa, kila mtu apewe kipande chake. Hebu tupige hesabu. Pakiti ya Aloha ilikuwa na biti 704: baiti 80 za maneno yenyewe, na zilizobaki ni anwani na alama za kukagua kama ujumbe umefika salama. Kwa biti 9,600 kwa sekunde, pakiti moja inapita kwa milisekunde 73 hivi, yaani kufumba na kufumbua. Sasa wagawie watumiaji mia moja kwa haki kabisa. Kila mmoja anapata biti 96 kwa sekunde, na pakiti ileile inachukua zaidi ya sekunde saba. Wakati huohuo, tisini na kitu kati ya hao mia wanakuna kichwa na vipande vyao vimelala bure. Haki imetendeka na kila mtu ameteseka.

Njia ya pili ni kuita mahudhurio. Kituo kinamuuliza kila mmoja kwa zamu, una kitu? Huna. Wewe, una kitu? Huna. Mmeshaona mwalimu akiita majina ya watu mia tatu ukumbini? Akimaliza, kipindi kimekwisha.

Wao wakachagua njia ya tatu, ambayo ukiisikia mara ya kwanza unadhani ni ya kihuni. Ukiwa na pakiti, rusha. Usiombe ruhusa kwa mtu. Menehune akiipata salama atakurudishia jibu la kuipokea kwenye njia ya kushuka. Usipopata jibu, jua mmegongana. Subiri muda fulani wa kubahatisha, kisha rusha tena. Hilo neno la kubahatisha ndilo linalobeba kila kitu. Mkisubiri muda uleule nyote wawili, mtagongana tena mpaka kiama, kama wale watu wawili wanaopishana kwenye ujia mwembamba, huyu akienda kulia na yule anakwenda upande huohuo.

Abramson alilieleza wazo hili kwenye mkutano wa kompyuta uliofanyika Houston mwaka 1970, na Juni 1971 pakiti ya kwanza ikaruka kweli. Hapo naomba tutulie kidogo, maana Abramson hakuishia kusema tu kwamba "inafanya kazi". Alipiga hesabu ya gharama yake. Pakiti yako inachukua milisekunde 73. Itaharibika kama kuna mwingine aliyeanza kurusha ndani ya milisekunde 73 kabla yako, au ndani ya 73 baada ya wewe kuanza. Kwa hiyo unahitaji dirisha tupu la karibu milisekunde 146 ili upite salama. Ukiingiza hilo kwenye hesabu za kubahatisha, unapata kwamba njia ya Aloha, hata iende vizuri namna gani, haiwezi kupitisha zaidi ya asilimia 18.4 ya uwezo wake. Kwa Hawaii, hizo ni pakiti mbili na nusu hivi kwa sekunde.

Nilipokuwa nasoma kwa ajili ya testi, namba hiyo ndiyo iliyonidanganya. Nikaona 18.4, nikasema, huu ni upotevu, lazima waliuacha. Sikujiuliza: upotevu ukilinganisha na nini? Wale watu mia wenye ratiba yao ya haki walikuwa wanapoteza zaidi, ila upotevu wao haukuwa na kelele.

Kuna ugonjwa mwingine ambao ni mbaya kuliko hiyo asilimia. Watu wakizidi, migongano inazidi. Migongano ikizidi, marudio yanazidi. Marudio nayo yanagongana na pakiti mpya. Ukifika hapo, kadiri watu wanavyojitahidi ndivyo vinavyopita vichache. Njia imejaa kabisa na hakuna kinachofika.

Naomba niwape mfano wangu mwenyewe, maana sikuujua kama ni mfano mpaka wiki hii. Mkesha wa Mwaka Mpya nilibaki chuoni, mama yuko Korogwe na kiswaswadu chake. Saa sita kamili usiku nikampigia. Vijiti vya mtandao vimejaa vyote. Simu haikwenda. Nikarudia, haikwenda. Yeye naye alikuwa ananipigia mimi. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo, lakini mwaka uliotangulia, usiku uleule, kaka yangu alipata ajali ya pikipiki, na taarifa ilitufikia kwa simu ambayo kwanza ilikataa kuunganika. Aliponipata, saa saba kasoro, mama hakunitakia heri ya mwaka. Aliuliza tu, "Uko salama?" na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. Mimi usiku ule niliilaani mitandao yote. Sikujua kwamba vile vijiti vinaonyesha jinsi mimi ninavyousikia mnara. Havisemi lolote kuhusu kama mnara unanisikia mimi, katikati ya maelfu wanaopiga kelele dakika hiyohiyo. Njia ya kushuka nyeupe, njia ya kupanda gulio.

Turudi kwenye historia. Mwaka 1972 Lawrence Roberts, aliyekuwa anasimamia mtandao wa ARPANET huko bara, alifanya rekebisho moja dogo. Watu waendelee kurusha wanapotaka, lakini muda ukatwe vipande vya urefu wa pakiti moja, na kila mtu aanzie mwanzoni mwa kipande. Basi. Hakuna anayepewa zamu, ila hakuna tena kugongana nusunusu. Mnagongana kabisa au hamgongani. Dirisha la hatari likapungua nusu, na kiwango cha juu kikapanda mara mbili, asilimia 36.8. Sharti lake ni kwamba wote muwe na saa inayokubaliana. Roberts alihesabu pia jambo ambalo vitabu vingi vinalipita haraka: wawili wakigongana, yule mwenye nguvu zaidi anaweza kusikika hata hivyo. Kwa hiyo aliye karibu na kituo ana bahati kuliko aliye mbali. Tulioishi vijijini hatukuhitaji hesabu kulijua hilo.

Mwaka 1973 likaja wazo jingine, la kina Crowther na wenzake, na hili ni la sokoni kabisa. Vipande vya muda vinajirudia kwa mzunguko. Ukirusha kwenye kipande kikawa wazi na ukapita salama, kipande kilekile kwenye mzunguko unaofuata ni chako. Kama mama anayetandika kanga zake barazani: leo kawahi nafasi, kesho watu wanamwachia, akikosa kuja, anakaa mwingine. Unaona kinachotokea? Unaingia kwa vurugu, ukishaingia unakaa kwa utaratibu. Watu walioandika haya hawakuwa wanachagua kati ya Aloha na ratiba. Walikuwa wanaunganisha.

Kuna kisa cha Abramson ambacho kimenichekesha mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza kulikoni. Mwaka 1972 alikwenda ofisini kwa Roberts kuzungumza naye. Akiwa anasubiri, Roberts ametoka kidogo, akaona ubaoni orodha ya vituo vitakavyounganishwa na ARPANET na tarehe zake. Hawaii haimo. Abramson akachukua chaki, akaandika "the ALOHA system" katikati ya orodha, na pembeni akaweka tarehe 17 Desemba, tarehe aliyoitoa kichwani tu. Kisha wakaongea mambo mengine akasahau. Wiki mbili kabla ya tarehe hiyo akapigiwa simu: jiandaeni, mashine inakuja. Na Desemba 17, 1972 Hawaii ikaunganishwa kwa setilaiti. Profesa wa kurusha-bila-kuomba aliingia kwenye ratiba ya wakubwa kwa kurusha bila kuomba! Angekuwa bwenini kwetu angeshajiandika mlangoni.

Bob Metcalfe nitampita haraka ingawa ni maarufu kuliko wote. Alisoma andiko la Abramson mwaka 1972, akaona kasoro: hesabu inadhani watu wanaendelea kuandika hata wasipojibiwa, kumbe mtu asiyejibiwa anasubiri. Akaitengeneza, na Mei 1973, akiwa Xerox, akaandika wazo lililokuja kuitwa Ethernet, sikiliza kwanza kabla ya kusema, na ukigongana ongeza muda wa kusubiri kadiri msongamano unavyozidi. Lakini hiyo ilikuwa kwenye waya, ambako wote mnasikiana. Kwenye redio, kama Tobagi na Kleinrock walivyoonyesha mwaka 1975, wawili wanaweza kuwa pande mbili za mlima, kila mmoja anasikia kimya, wote wanarusha, na kituo kilicho katikati kinapata uji. Kusikiliza hakutoshi.

Sasa ndiyo tunafika kwenye simu ya mama, na kwenye wino mwekundu.

Kiswaswadu cha mama ni GSM, mfumo ulioanza kutoa huduma Finland mwaka 1991. GSM ni ratiba tupu. Kila masafa yamekatwa kwa vipande vinane vya muda, na ukiwa unaongea una kipande chako, hakuna anayekugusa. Hata umbali umepangiwa. Mnara unapima ujumbe wako unachelewa kiasi gani njiani na kukuambia utangulie kurusha kwa kiasi hicho, ili ufike sawasawa na zamu yako. Hatua hizo za kutanguliza ni kuanzia 0 hadi 63, kila moja ni kama nusu kilometa ya umbali, ndiyo maana mnara wa kawaida wa GSM unaishia kilometa 35. Nilipofika hapa nikasema, haya, si nilisema mimi? Ratiba!

Lakini kabla hujapiga, huna kipande. Mnara haujui kama unataka kupiga. Ukiwa umebonyeza namba ya mwanao, lazima kuna pakiti ya kwanza kabisa inayosema "nipo, nahitaji nafasi". Hiyo pakiti inapitia wapi? Haiwezi kupitia kwenye kipande chako, maana hicho ndicho unachokiomba. Haiwezi kusubiri mnara uite mahudhurio ya kila simu iliyo Korogwe kila sekunde. Kwa hiyo GSM imetenga mlango mmoja wa jumuiya, na kwenye mlango huo sheria ni ile ya Roberts ya mwaka 1972: Aloha ya vipande. Simu inarusha mlio mfupi sana, wenye biti nane tu za habari, ndani yake sababu ya kubisha hodi na namba ya kubahatisha ili ijitambue ikijibiwa. Mlio umefanywa mfupi makusudi, ukaachiwa nafasi kubwa nyuma yake, kwa sababu simu bado haijui iko mbali kiasi gani. Ukipita, mnara unakujibu kwa kukupa kipande chako, na ukishapata unasahau kwamba uliwahi kupigana mlangoni. Ukigongana na mwingine, unasubiri muda wa kubahatisha unarudia, mara 1, 2, 4 au 7, kama mnara ulivyotangaza. Zikiisha, simu inakuambia imeshindikana.

Na watu wakizidi pale mlangoni, mnara una dawa ya mwisho. Kila laini ya simu imewekwa kwenye moja ya makundi kumi, kuanzia 0 hadi 9, na mnara unaweza kutangaza kwamba makundi fulani yasibishe hodi kabisa kwa sasa. Vyombo vya dharura na usalama vina makundi yao ya pembeni. Kama usiku ule wa mkesha tulikwama mlangoni au ndani ambako vipande vyote vilikuwa vimeshachukuliwa, siwezi kuwaambia, sikuwa ndani ya mnara. Ila najua kwamba mimi na mama tulikuwa tunabisha hodi kwenye Aloha, wakati testini niliandika kwamba Aloha iliachwa.

Nikadhani labda 4G imelimaliza. Mfumo wake, LTE, ulikamilishwa kwenye makaratasi mwaka 2008 na ukaanza kuuzwa Stockholm na Oslo Desemba 2009. Humo ndani mnara ni mpangaji wa kutisha. Kila milisekunde moja unagawa upya njia ya kupanda, vipande vya masafa vya kilohezi 180, nani apate vingapi. Simu inatuma taarifa ya mzigo ilio nao, mnara unaangalia mzigo, unaangalia nani anasikika vizuri sasa hivi, unatoa ruhusa. Hakuna simu inayorusha picha yako bila ruhusa. Ni ratiba inayoandikwa mara elfu moja kwa sekunde! Lakini rudi mwanzo, simu ikiwa ndiyo imewashwa: inachagua kwa kubahatisha mlio mmoja kati ya 64, inaurusha kwenye mlango wa jumuiya. Wawili wakichagua mlio mmoja kwa wakati mmoja, wanajibiwa wote kama mtu mmoja, wanarusha tena juu ya ruhusa moja, na mmoja anakuja kugundua baadaye kwamba aliyekaribishwa hakuwa yeye. Anaanza upya. Wameuboresha mlango, hawakuuondoa.

Wi-Fi imefika palepale kwa njia ya kinyume. Ilianza mwaka 1997 ikiwa ya kusikiliza na kubahatisha, ndiyo maana ya bwenini inakufa kila saa tatu usiku watu wote wakirudi vyumbani. Kiwango kilichopitishwa mwaka 2021, kinachojulikana kama Wi-Fi 6, kimeleta kisanduku kinachogawa zamu za kupanda kama mnara. Nikasoma zaidi nikitegemea kwamba hawa sasa wameua Aloha. Wapi! Katika zamu zinazogawiwa, kisanduku kinaweza kuacha baadhi bila jina la mtu, nafasi za yeyote atakayebahatisha, hata wale ambao hawajajiunga na mtandao bado. Na kuna vile vifaa vidogo vya kupimia maji au unyevu wa udongo, vinavyotumia LoRaWAN ya mwaka 2015: vinaamka, vinarusha sentensi moja, vinalala. Hiyo ni Aloha ya Hawaii karibu ilivyokuwa, bila hata vipande vya Roberts, kwa sababu kifaa kinachosema mara chache kwa siku kikianza kutunza ratiba kitamaliza betri kwa kutunza ratiba.

Kwa hiyo jibu langu la alama nane lilikosea mahali pamoja tu, lakini ni mahali penyewe. Niliandika historia kama vile Aloha ilikuwa ujinga wa zamani na ratiba ni akili iliyokuja baadaye. Kumbe ratiba ilikuwapo kabla, ndiyo iliyokuwa jambo la kawaida, na Abramson aliikimbia kwa sababu za hesabu. Kilichofuata ni miaka hamsini ya watu kujenga ratiba nzuri zaidi na zaidi, kila moja ikiwa na kitundu chake cha kubahatisha mbele, kwa sababu mpangaji hawezi kumpa zamu mtu ambaye hajajua kama yupo. Unaweza kukifanya kitundu kiwe kidogo, ukatenga milio 64, ukawanyamazisha makundi matatu kati ya kumi. Huwezi kukiziba. Ukikiziba, walio ndani wataendelea vizuri sana na hakuna atakayeingia tena.

Abramson alifariki Desemba 2020, akiwa na miaka 88. Simu zilizosambaza habari hizo, kila moja ilibisha hodi kwanza kwa mtindo wake. (Sijui kama yeyote kati ya waliozishika alilifikiria hilo, mimi nisingelifikiria.)

Jumamosi nilimwendea mwalimu ofisini na karatasi yangu. Sikwenda kulilia alama, maana najua hazirudi. Nilimwambia tu, simu inabisha hodi. Akanitazama, akauliza, "Ikigongana?" Nikamwambia inasubiri kwa kubahatisha. "Na ikigongana tena?" Inasubiri tena. Akatikisa kichwa, akasema nikae, tukaongea nusu saa nzima kuhusu mara 7 na kwa nini si mara 20. Nikirudi na hesabu yake kabla ya Alhamisi, anasema, ataisoma.

Bwenini tumeichana ile ratiba ya bafu na kubandika nyingine. Ina vyumba vyote, na kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na nusu kuna dakika kumi na tano zilizoachwa wazi, hazina namba ya chumba. Msimamizi alipita jioni, akaisoma yote, akauliza hizi ni za nani. Mwenzangu akamjibu, "Za usafi, mzee." Mbebwa wetu alikuwa kitandani kwangu amejifunika shuka mpaka kichwani. Bumu bado halijatoka, vocha ya kumpigia mama sina, ila yeye amebipu mara mbili hapa. Ngoja nikaazime simu.